MJADALA: Haya mafaili ya bima ya WikiLeaks mna kitu ndani, au tumechezwa shere?

MwanaWaVuga: Assalaam alaykum jamani. Nina suali, na anayetaka kucheka acheke kisha anijibu.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi Maskati miaka mingi. Aliporudi mwisho wa 2013 alikuja na diski ya nje ya GB 500, na zaidi ya nusu yake imeliwa na faili moja: GB 349. Ni lile la WikiLeaks, wale wanaoanika siri za serikali mtandaoni, kubwa katika yale matatu waliyoyamwaga mtandaoni Agosti mwaka ule. Dogo GB 3.6, la kati GB 49, na hili jitu. Wenyewe wanayaita ya bima. Yamefungwa kwa nywila, kila mtu ana ruhusa ya kuyashusha na kuyaweka kwake, ila nywila hajapewa mtu. Wao wakipatwa na jambo, nywila inatolewa, dunia nzima inasoma.

Ami alinambia kwa kinywa chake, "Hili usilifute, lina siku yake." Siku yenyewe mpaka leo. Sasa, mna kitu mle ndani? Na hata kama mna kitu, ni haki mtu kushika siri za wengine kama rungu? Leteni hoja.

FundiWaDarajani: Hamna kitu. Mie nashika kompyuta toka enzi za disketi, nakwambia hamna kitu. Faili lililofungwa vizuri na faili lililojazwa takataka za kubahatisha huwezi kuyatofautisha, si kwa jicho si kwa mashine. Nipe usiku mmoja nikutengenezee GB 349 za upuuzi mtupu, niziite bima, nawe uzitunze miaka kumi. Ni kama ile simu ya Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, iliyotundikwa nguzoni, imeandikwa unapiga nchi za nje bure. Waya hauna, na watalii wanapiga picha nayo kila siku.

MpembaHalisi: Fundi unakimbilia kusema. Mie nimeanza na lile la mwanzo, Julai 2010, GB 1.4. Wiki ile ile ya kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, tarehe 31. Nyinyi Unguja mlikuwa mmetoka gizani Machi tu, baada ya miezi mitatu ya vibatari, na siye Pemba mwaka huo huo ndio waya wa Tanga umetufikia. Nilikaa kwenye duka la intaneti Chake siku tatu nalishusha, linakatika naanza upya. Na lilifunguka lile! Mwandishi wa Uingereza aliiandika nywila kitabuni bila kujua, zikamwagika barua zote za mabalozi wa Marekani. Sasa mtu anasemaje hamna kitu?

MaalimHesabu: Yakhe, umechanganya mchele na chuya. Yale ni mafaili mawili mbalimbali. Lililofunguka 2011 lilikuwa la barua za mabalozi. Waandishi wawili wa gazeti la Guardian walichapisha nywila yake kwenye kitabu chao mwanzo wa mwaka ule, nao wanadhani ni ya muda na imeshakufa. Kumbe faili lenyewe lilishasambaa kwa torenti, watu wanagawiana wenyewe kwa wenyewe, basi wakaunganisha. Tarehe 2 Septemba 2011 WikiLeaks wakaona hapana cha kuficha tena, wakazitoa zote, 251,287. Za ubalozi wa Dar es Salaam zimo, na siasa zetu za hapa zimo. Lakini lile la bima la GB 1.4 halikufunguka wakati ule na halijafunguka leo.

MpembaHalisi: Maalim, na jamaa yangu wa Mombasa alijaribu neno moja, programu ikakubali bila ya kulalamika? Hilo nalo chuya?

MaalimHesabu: Lilikubali, kisha likampa nini? Hizo programu za kufungulia mara nyingi hazijui kama umetia ufunguo sahihi. Zinatazama mwisho wa faili tu kama pamekaa sawa, na katika kila funguo mia mbili na hamsini na kitu za uongo, moja inapita kwa bahati. Inakufungulia mlango, ndani vumbi. Watu wengi wameshangilia hivyo, kisha wakanyamaza.

Na kwa wanaotaka kubahatisha: ufunguo wa AES-256, ndiyo hesabu iliyofungia mafaili haya, ni mmoja katika idadi yenye tarakimu 78. Chukua mashine inayojaribu bilioni mara bilioni kwa sekunde moja. Utahitaji miaka ambayo hesabu yake ina tarakimu 52. Ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8, yaani tarakimu 11. Kaa ukizingatia. Ila kuna mlango wa uani. Hesabu hiyo ni ya ufunguo, si ya neno alilochagua binaadamu. Aliyefunga kama aliandika jina la mama yake na mwaka wa kuzaliwa, kijana wa skuli atalipata kwa wiki.

BintMkunazini: Naona nyote mmeparamia kufuli, suali la pili la mwenzetu limeachwa barazani. Tuseme mna kitu. Tuseme mna ushahidi wa watu waliouliwa au pesa za umma zilizoibwa. Basi aliyefunga anatwambia, "Najua waliokudhulumuni, lakini sitasema mpaka mimi nidhuriwe." Hapo kinga ni ya nani? Aliyedhulumiwa anakuwa ngao ya mwenye ufunguo. Na kama mle ndani mna majina ya watu wasio na hatia, nayo tumeyagawa dunia nzima tukisubiri ajali. Nijibuni hilo.

KijanaNgambo: Wazee wangu mnajichosha. Hilo ni popobawa, lile jini la kutisha watu usiku, ila la kompyuta. Hakuna aliyeliona, kila mtu ana rafiki ya rafiki lililomtokea, na ukisema huliamini ndio kwanza linakuja kwako. Tofauti moja tu, hili halikuanzia Pemba 😂😂

MpembaHalisi: Nilijua. Wallahi nilijua. Mtu anaulizwa kompyuta, anajibu Pemba. Kila kilichoharibika visiwa hivi kimetoka Pemba, isipokuwa karafuu inayowalisha.

KijanaNgambo: Ami, utani tu. Na 1995 lilianzia wapi kwani, Makunduchi?

MtuWaKonde: Hebu tuliseme hili vizuri. 1995 mwezi wa Ramadhani watu wa Pemba walikuwa na hofu, ndiyo, na mwaka wenyewe unaujua, ni wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Tukalala nje, tukawasha moto, tukasoma. Hatukumgusa mtu. Lilipofika kwenu mjini, mlimshika mgonjwa wa akili mkamuua mkisema ndiye. Sasa popobawa ni la nani?

KijanaNgambo: Mie 1995 sijazaliwa.

MtuWaKonde: Basi uliza kabla ya kuandika.

MzeeKizimkazi: Mie nimesoma toka juu na kuna kitu kinanikera. "Nywila" ndiyo nini? Nimezaliwa na kukulia Kiswahili hapa hapa, sikulisikia neno hilo mpaka wajukuu walipoanza simu. Siye tunasema neno la siri.

FundiWaDarajani: Mzee wangu, dukani kwangu wanasema "paswedi", tukiwafundisha nywila wanadhani ni nywele.

MzeeKizimkazi: Ndiyo nasema. Maneno yanapikwa Bara, yanaletwa huku yameshapoa.

BintMkunazini: Mzee, suali langu.

MaalimHesabu: Tuyaache ya nywila. Kijana pamoja na ufedhuli wake kasema jambo. Oktoba 2016 WikiLeaks waliweka misimbo mitatu mirefu ya herufi na tarakimu, 64 kila mmoja. Mmoja wameuita wa John Kerry, mmoja Ekuado, mmoja wizara ya nje ya Uingereza. Siku zile zile Ekuado wakamkatia intaneti Assange, mkubwa wa WikiLeaks, aliyekuwa amejificha kwenye ubalozi wao London. Basi! Usiku ule dunia ikajaa wachawi. Ameuliwa, ile misimbo ndiyo funguo, yafungueni mafaili haraka! Watu wakaitia, haikufungua kitu. Kwa sababu haikuwa funguo. Ilikuwa mihuri. Unauchukua waraka, unaupitisha kwenye hesabu, unapata alama yake ya kidole. Siku ukiutoa waraka, watu wanapima kama ndio ule ule au umechezewa. Muhuri haufungui sanduku. Lakini kwa wiki nzima mtu akisema "jamani hii ni mihuri", anaambiwa kanunuliwa. Hata Assange alipoonekana, wakasema si yeye.

KijanaNgambo: Na Cicada 3301 je, maalim? 2012 watu wasiojulikana waliweka picha mtandaoni, ndani yake fumbo, ndani ya fumbo fumbo, watu mpaka wakakuta mabango yamebandikwa nguzoni Warsaw na Seoul. Kitabu chao cha 2014 kimeandikwa kwa herufi za kale za Ulaya, kurasa nyingi hazijasomeka mpaka leo. Huko wanasema walikuwa majasusi wanatafuta vijana wa kuajiri. Mie nilijaribu mwaka mzima.

FundiWaDarajani: Wakakuajiri?

KijanaNgambo: Nilikwama ukurasa wa mwanzo.

MtuWaKonde: Kwa kuwa mmeitaja Pemba kwa ubaya, na mie nitaitaja kwa yaliyonikuta. Babu yetu alikuwa na hirizi ya ngozi, imeshonwa pande zote, haivuliwi hata kwenye kuoga. Alipofariki, baba akaiweka sandukuni. Kila msiba, kila mtoto akiumwa, inatolewa inawekwa chini ya mto. Tukikua tunaambiwa atakayeifungua atapofuka. Mwaka fulani ndugu yangu aliyesoma sana akaja na wembe.

Ndani mna karatasi imekunjwa mara nyingi. Upande mmoja jedwali la vyumba tisa, tarakimu tupu. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu, lakini hayasomeki, herufi zimepangwa ovyo. Tukampelekea maalim mmoja Wete. Akakaa nayo siku mbili. Akatuita, akatwambia, "Babu yenu kageuza herufi kwa mpango wake. Hii si dua. Inasema fulani bin fulani anamdai pishi arubaini za karafuu." Na huyo fulani bin fulani wajukuu wake ni jirani zetu mlango wa tatu!

MpembaHalisi: 😂😂😂 Allahu akbar. Yaani mmelalia deni miaka yote hiyo mkilidhani kinga.

MaalimHesabu: Hilo jedwali nalijua. Vyumba tisa, ukijumlisha safu yoyote, wima au ulalo, unapata 15, na kwenye pembe zinakaa 2, 4, 6 na 8. Liko kwenye hirizi za nusu ya dunia ya Kiislamu. Na kugeuza herufi kwa mpango mmoja hakumpi shida anayejua kazi. Al-Kindi wa Baghdad aliandika karne ya 9 namna ya kufungua: hesabu herufi ipi inajirudia zaidi, linganisha na lugha ya kawaida, fumbo linaporomoka. Maalim wa Wete kafanya kazi ya Al-Kindi bila posho. Ila kwenye AES hakuna herufi inayojirudia zaidi ya nyengine. Zote zinatoka sawasawa kama mchanga wa pwani. Ndiyo maana faili la ami yake huyu halisogei.

SalmaKwaHani: Mie nilikuwa nasoma tu kimya kimya, lakini hili la pishi arubaini sitalala nalo. Mlilipa?

MtuWaKonde: Baba alisema hajui kama babu alishalipa. Karatasi inasema anadaiwa, haisemi amelipa.

SalmaKwaHani: Lakini deni la maiti linalipwa kabla ya kugawa mirathi. Hilo halina mjadala.

MpembaHalisi: Linalipwa likithibiti. Shahidi yuko wapi? Karatasi ya hirizi ni shahidi?

SalmaKwaHani: Mwenyewe ameandika kwa mkono wake anadaiwa! Kukiri kwake si ushahidi?

MzeeKizimkazi: Na mkijua mkanyamaza, hilo linamtesa marehemu. Lipeni hata nusu.

FundiWaDarajani: Walipe kwa bei ya karafuu ya siku zile au ya sasa? Hapo ndipo penye kazi. Pishi arubaini leo ni pesa.

MpembaHalisi: Pishi ni pishi. Anadai karafuu, anapewa karafuu. Bei ya nini?

MtuWaKonde: Jamani sikuileta hiyo kwa ajili ya kuhukumiwa. Tulikwenda kwao, tukawaeleza, tukawapa gunia moja na kuombana radhi. Mzee wao akachukua, akasema na wao wanayo hirizi ya babu yao hawajaifungua, sasa wanaogopa zaidi.

KijanaNgambo: Hahaa! Ndiyo iliyoandikwa "nimelipwa".

BintMkunazini: Mnaona? Mmejadili deni la mtu aliyekufa kwa ushahidi, kwa mashahidi, kwa haki ya anayedai. Hilo hilo ndilo nililouliza kuhusu WikiLeaks. Kama mle ndani mna haki za watu, mwenye ufunguo ana deni. Na kama hamna, basi kawadanganya wote waliomtunzia. Assange alishikwa Aprili 2019, alikaa jela ya Belmarsh kule London miaka mitano, nywila haikutoka. Juni 2024 akakiri kosa mbele ya hakimu wa Marekani kule kisiwa cha Saipan, akarudi kwao Australia. Bima ililipa lini?

FundiWaDarajani: Si ndiyo nilivyosema hamna kitu? Angekuwa nacho angekitoa siku aliyoburutwa ubalozini mbele ya kamera.

MpembaHalisi: Au ndiyo maana hakuuliwa. Bima nzuri ni ile ambayo hujawahi kuidai.

FundiWaDarajani: Hiyo sasa ni hirizi. Mtoto hakufa, basi hirizi imefanya kazi. Mtoto akifa, ilikuwa amri ya Mungu.

MpembaHalisi: Umerudi tena kwa Pemba.

FundiWaDarajani: Sikuitaja Pemba!

MpembaHalisi: Umetaja hirizi.

MaalimHesabu: Bi Mkunazini, nakujibu kwa upande wangu tu. Siwezi kusema mna kitu au hamna, ila Fundi naye asiseme kwa yakini, maana hoja yake mwenyewe inamrudi: kama takataka na siri hazitofautiki, basi hata yeye hajui ni takataka. Haki ya waliomo ndani, hilo nakubaliana nawe, na sijaona aliyelijibu kule kwao wala huku.

BintMkunazini: Alhamdulillahi, mmoja kasikia.

MwanaWaVuga: Nimerudi. Nimesoma yote, nimejifunza popobawa, karafuu na mirathi. Sasa nisikilizeni mie. Ijumaa harusi ya dada yangu. Mpiga picha ameshasema kazi yake itafika GB 200 pamoja na video, na diski niliyonayo ni hii ya ami. Haitoshi mpaka jitu litoke. Mama anasema futa, hilo si Kurani. Mie naogopa, maana ami alinambia nisilifute. Je, hiyo ni amana au si amana?

SalmaKwaHani: Diski ni ya nani sasa? Imeingia kwenye mirathi?

MwanaWaVuga: Alinipa mkononi akiwa hai.

SalmaKwaHani: Basi diski ni hiba, ni yako. Ila kama alikupa kwa sharti, na ukakubali...

MwanaWaVuga: Nilisema "sawa ami". Ndiyo kukubali huko?

MzeeKizimkazi: Ndiko.

MpembaHalisi: Sawa kwa ami ni sawa. Ila unaweza ukalipa hifadhi nyengine. Hakusema likae kwenye diski hiyo hiyo, kasema lisifutwe.

KijanaNgambo: Liwekeni kwenye simu ya Jaws Corner.

FundiWaDarajani: We mwana, kabla hujafuta, pitia dukani. Nina diski ya TB 2 imekaa tu. Nitalihamishia kwangu, yako utaifuta kwa raha, dada yako apate harusi yake.

KijanaNgambo: Fundi! Si ulisema takataka?

FundiWaDarajani: Nalitaka kwa kupimia diski. Faili kubwa ndilo linalopima diski vizuri, ukihamisha GB 349 bila kukatika unajua diski nzima.

MpembaHalisi: Kupimia diski. Haya.

BintMkunazini: Kwa hiyo Fundi ndiye mwenye bima sasa.

FundiWaDarajani: Kupimia diski, nimesema!

MwanaWaVuga: Bei gani, Fundi?

FundiWaDarajani: Bure kwa ajili ya marehemu. Njoo Alkhamisi baada ya alasiri, kuhamisha tu kutachukua masaa. Na kama ami yako aliacha karatasi yoyote, kijitabu, chochote kina maneno yameandikwa pembeni, njoo nacho pia.